Usiondoe Jina Lako, Katunge

S.L.P. 31,
Tawa, Makueni.
11 Machi 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Katunge,

Pokea salamu kutoka bomani kwako. Yale mafua ya Ujerumani yamekuachia au bado? Goti langu la kushoto linalalamika, lakini mdomo ni mzima, kama utakavyoona. Mama yako Beth hajambo. Ndengu zilikubali msimu huu, na kwenye bwawa la mchanga bado tunachota.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza kama uondoe jina lako katika ule utafiti wa safari za angani, kwa kuwa wakwe zako watarajiwa wanasema utaharibika kizazi, na siku ya mwisho ya kutia sahihi ni tarehe thelathini Aprili. Ningeweza kupiga simu, lakini maneno haya nataka uyashike mkononi.

Kwanza nikiri kosa. Moto huu niliuwasha mimi. Ulinieleza vizuri kwamba utalala kitandani, mimi nikasimama kanisani siku ya shukrani nikasema mjukuu wangu anaenda angani, aombewe. Kufikia Jumatano habari zilikuwa zimefika Makindu kwa kina Kaloki mchumba wako, kwamba unarushwa mwezini na tumbo litarudi limekauka. Nisamehe. Sifa zilinizidi.

Basi Jumamosi baba yake Kaloki, mzee Nthiwa, alikuja na wazee wawili wa ukoo wao. Tuliwapa chai, wakauliza habari za mvua, kisha akasema, "Mwalimu, sisi hatukatai masomo. Lakini hiyo kitu itaharibu tumbo ya msichana, na boma yetu inataka watoto. Aache hiyo maneno, ama mbuzi zetu za ntheo zirudi." Unajua ntheo ikirudi, hakuna ndoa tena.

Niliwafundisha kama darasa la nne. Niliwaambia hupandi roketi. Utalala siku sitini kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, ili mwili ujione kama hauna uzito, na madaktari wapime damu waone homoni za kike zinafanya nini. Mionzi ya angani haiko chumbani humo. Niliwaambia wanaume waliokwenda huko juu ni mamia na wanawake ni kama mia moja tu, na kati yao wako waliorudi wakazaa. Lakini namna mionzi inavyogusa mayai ya mwanamke, au vile vidonge vya kuzuia hedhi wanavyomeza miezi na miezi vinavyogusa damu yao, bado watu wanakisia. Utafiti kama wako ndio unaopunguza kukisia.

Nthiwa akaweka kikombe chini. "Mwanamke hapimwi kama mahindi," akasema. "Mambo ya kizazi ni ya Mungu."

Hapo nikasimama, goti na yote.

Unajua niliitwa mgumba. Ndiyo sababu nilimwoa mama yako kuwa iweto wangu, mke wa mwanamke mwenzake, nikapeleka mbuzi kwao kwa jina la mwana ambaye sikumzaa, ili boma lisizimike. Usilolijua, wala mama yako hakulijua, ni kwamba mwaka 1979 nilikwenda hospitali ya misheni peke yangu nikapimwa. Daktari akaniambia sina kasoro yoyote, nimlete bwana. Babu yako Nzomo alikataa katakata. Akalia, nikamhurumia, nikanyamaza. Jina lile nimelibeba miaka arobaini na sita, hata baada ya kumzika.

Niliwaambia yote hayo, na mmoja wa wale wazee alikuwa rafiki wa Nzomo tangu ujana. Mama yako alisimama mlangoni na birika mkononi asijue aliweke wapi. Imeniuma kumvua nguo babu yako akiwa kaburini, kwa maana nilimpenda. Lakini mimi nilikisiwa maisha yangu yote, na sikubali wewe nawe ukisiwe. Nilikwenda zizini nikawafungua mbuzi mwenyewe, nikawapa wageni kamba. Waliondoka nao.

Kaloki hajapiga simu hapa. Kama ana neno, akuambie kwa kinywa chake, si kwa kinywa cha baba yake.

Sikudanganyi kwamba hakuna hatari. Umesema mwenyewe mifupa italegea kidogo, na hedhi huenda ikapotea njia kwa muda. Mwili ni wako. Ukikataa kwa sababu hutaki, rudi nikupikie isyo ya mahindi na maharagwe na tusiulizane tena. Lakini ukikataa kwa sababu ya Nthiwa, mjukuu wangu, tutakosana vibaya.

Mama yako anakusalimu sana. Tangu Jumamosi ananiangalia kama mgeni, ila amenitengenezea uji bila kuombwa. Mjomba wako Musyoka anakusalimu pia. Jirani yetu Kiilu anauliza kama hicho kitanda kina neti.

Ningekuwa karibu ningekutemea mate viganjani, kama susu, nyanya yangu, alivyonibariki. Mungu akulaze salama siku zote sitini, akuinue na nguvu zako. Wakishakupima, lolote watakaloliona, liseme. Usikae nalo miaka arobaini na sita.

Ni mimi nikupendaye,
susu yako Kathini,
aliyepimwa.