Gari Moja Kwanza

Ndiyo hivyo, Furaha wangu, simu ilikatika palepale nilipoanza kukueleza kwa nini shefu, mkubwa wangu wa kazi, alinizuilia ruhusa ya kuja nyumbani. Nikabaki naita "Furaha! Furaha!" mashofere wanaoendesha magari yetu wakinicheka. Hujambo, mke wangu? Kikohozi cha mama kimepoa? Mimi niko mzima hapa Salamabila, ila wiki tatu bila kuuona uso wako, na arusi yetu ingali mbichi, ni nyingi mno.

Shefu wa garaji alisema nitakuja Kasongo siku magari yote sita ya kampuni yatakapopata programu mpya na kupanda mlima wa njia ya Wamaza. Programu ndiyo akili ya gari, mpenzi, inayoiamuru injini. Ile ya zamani haikujua matope yetu: gurudumu likiteleza, inapunguza nguvu, gari linakwama. Mtengenezaji ametuma nyingine, na kwa mtandao wetu huu ilichukua siku tatu kuingia kwenye kompyuta.

"Weka yote leo," shefu akasema, "kesho uende kwa bibi yako Furaha."

Moyo wangu uliruka! Lakini nikakumbuka siku ulipowapikia watu wangu mara ya kwanza. Wageni wamekaa, sombe ya majani ya muhogo imeiva, nawe ukachota kidogo kiganjani, ukaonja, ukarudi kuongeza chumvi. Hakuna aliyejua ila mimi niliyekuwa nakuchungulia. Nikasema, "Shefu, gari moja kwanza."

Tulichukua gari la Papa Ramazani, shofere wetu mzee. Kazi inataka saa nzima, na batri isilegee hata kidogo. Tulipopita nusu, gari likazimika. Hakuna taa, hakuna sauti. Nikafungua boneti, nikaona waya umetoka kwenye batri, umepita chini ya ua, na mwisho wake simu kumi na moja za majirani zinachajiwa!

"Papa, iko nini hii?"

"Simu za watu, mutoto wangu. Kila siku nachaji. Gari iko inalala tu."

"Ilikuwa kazini!"

"Ungesema! Weye uliangalia hiyo kompyuta kama picha ya bibi yako, nani angekusumbua?"

Watu wakavunjika mbavu. Shefu hakucheka. "Umeua gari. Ruhusa hakuna."

Furaha, siku hiyo nilizikunja nguo nilizokuwa nimekwisha kufungasha. Hata hivyo niliwaza: mashofere wote wana waya kama ule. Kama ningeyawekea magari yote programu pamoja, yangekufa sita, na lile la kubebea wagonjwa likiwemo.

Asubuhi tukaondoa nyaya zote, nikaunganisha batri kubwa ya lori, nikaanza upya kabisa. Papa Ramazani mwenyewe alilinda na fimbo: "Mutu asilete simu hapa! Huyu anataka kwenda kwa bibi!" Saa ikatimia, nikazungusha ufunguo, injini ikanguruma. Nilipiga kelele jina lako mbele ya garaji nzima, wala sioni haya.

Tukaenda mlimani mvua ikiwa imetoka kunyesha. Gurudumu likateleza, injini haikulegea, tukapanda mpaka juu! Papa Ramazani akapiga honi kama anaongoza msafara wa arusi yetu. Baadaye tukafanya mawili, kisha matatu, kila boneti na karatasi: USICHAJI SIMU. La mwisho limepanda jana. Shefu alinishika mkono, akasema, "Ulikuwa na haki, moja kwanza," akatia sahihi ruhusa yangu. Sikumwambia ni wewe uliyenifundisha.

Msalimie mama mkwe, na dada yako mshonaji aliyekushonea lile gauni ninaloliota, na mjomba aliyetuombea kanisani. Barua hii anakuletea mwenye pikipiki. Mpe maji anywe.

Ni mimi mumeo, Kalonda, niliyebahatika kuliko wanaume wote wa Maniema. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika mlangoni kwako. Pika sombe, lakini usiionje. Safari hii nitaonja mimi kwanza.