Kisiki cha Mpakani

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefagia tena njia za mchwa ukutani mwa chumba cha magunia. Nazibomoa kila asubuhi kwa ufagio, kesho yake zipo, mbichi, zimepanda juu kuliko jana. Leo zimefika kwenye boriti. Gunia la chini la alizeti limetoboka kitako. Nilipolinyanyua mbegu zikamwagika zote na udongo.

Nimelia kidogo. Si kwa ajili ya alizeti. Chumba hicho ndicho analala Hadija, binti yangu, aliyekuja juzi kutoka Singida mjini kujifungulia nyumbani. Mimba yake ya kwanza. Tumbo limeshashuka. Chumba kingine hatuna.

Issa anasema tuongeze dawa. Nimemwaga dawa tangu tulipovuna. Mume wangu ni mtu wa taratibu. Paa halina taratibu.

Jumatano, 5 Novemba

Fundi Bakari, aliyetuezekea nyumba hii, amekuja kuangalia. Ukuta hakuutazama sana. Alitoka nje akaanza kufukua kwa panga, akifuata njia yao chini ya msingi. Ikampeleka kwenye visiki.

Vipo vitatu. Ni mikaratusi ya marehemu baba mkwe. Wanawe waliikata kujengea, Issa nyumba yetu na kaka yake Omari nyumba yake hapo ubavuni. Miti ikawa mapaa, visiki vikabaki vinaoza. Bakari alikita panga kwenye cha kwanza likazama lote. Ndani weupe mtupu, wanachemka.

"Mama Hadija, humo ndani unaua wanaokuja kula tu. Chakula chao kikubwa kiko hapa. Toa visiki na mizizi yake, ufukie. Na usingoje mvua. Ikinyesha ya kwanza wataruka kumbikumbi, watatafuta pengine pa kuanzia."

Viwili viko uani kwetu. Cha tatu kiko mpakani na shemeji Omari. Hicho ndicho nakiogopa.

Ijumaa, 7 Novemba

Kimoja kimetoka. Kazi ya siku nzima. Ardhi ni ngumu kama sakafu, sururu inadunda. Tulichimba kuzunguka, Issa akakata mizizi kwa shoka, mimi nikawa nachambua vipande hata vidogo maana Bakari alisisitiza. Kisha tukafunga mnyororo, ng'ombe wakavuta. Kilipong'oka kilitoa harufu ya ukungu. Kuku walikuja wote, wakala mpaka wakashindwa kutembea. Hadija alicheka akashika tumbo.

Viganja vimechubuka. Nimeshika kalamu kwa shida.

Jumamosi, 8 Novemba

Cha pili kimetoka kabla ya adhuhuri. Tukahamia cha tatu. Issa alikuwa hajapiga hata sururu moja, shemeji akatoka kwake. Nilimwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu. Alikuja akakaa juu ya kisiki chenyewe, panga mapajani.

"Hiki hamkigusi. Huu ni mpaka. Mzee alituonyesha hapa, mimi na Issa, kwa mkono wake."

Nikamweleza habari za mchwa. Nikamweleza hali ya Hadija. Akasema mchwa wana dawa, mpaka ukishapotea hauna dawa. Kisha akamgeukia Issa, akaingia Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba, alidhani sitashika. Nimeolewa huku tangu msichana, nakielewa vizuri tu. Alisema mke wako anataka kupanua uwanja.

Issa akalaza sururu chini. Akachukua mnyororo akawarudisha ng'ombe zizini.

Nimemchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Novemba

Najua shemeji anaogopa nini. Kila mtu hapa Sepuka anajua. Shamba lake la bondeni lilikuwa limewekewa mpaka wa mikonge. Jirani wa huko akaing'oa kidogo kidogo akilima, mpaka kipande kikaenda. Shemeji alizunguka kwenye mabaraza ya ardhi mwaka mzima. Kila alipofika aliulizwa, alama iko wapi? Alama haipo. Akashindwa. Tangu hapo si mtu yule aliyekuwa akitutania.

Namhurumia. Lakini leo nimepanda juu ya stuli nikachomeka kisu kwenye boriti, kimeingia hadi mpini, kama kwenye muhogo uliooza. Nje limebaki ganda tu. Ukilitazama kutoka kitandani unaona mti mzima.

Nimemhamishia Hadija sebuleni. Analalamika joto, anasema hapati pumzi. Mchana anarudi kujinyoosha chumbani. Nimemkataza. Ananiambia nina hofu za bure.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwenyekiti wa kitongoji amekuja, amekitazama kisiki, ametutazama sisi. Nilipendekeza tupande minyaa ya mpaka pande zote mbili kwanza, kisha ndiyo tung'oe. Shemeji akasema minyaa huhamishwa kama mikonge. Mwenyekiti akasema kikao Alhamisi, wazee wawepo, kabla ya hapo mtu asiguse kitu.

Mke wa shemeji, Mariamu, tulikutana bombani. Siku zote tunatwishana ndoo. Leo kanipita macho chini. Nimejitwisha mwenyewe, nusu ya maji yakanimwagikia.

Mawingu upande wa Ikungi. Issa anasema ni ya kupita.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekichimba.

Shemeji alikwenda mnadani na mbuzi. Issa alikuwa shambani anasafisha. Nilisimama mlangoni muda mrefu na sururu mkononi. Nilijua mwenyekiti amekataza. Nikaenda.

Nilichimba upande wetu tu. Nilijiambia hivyo, upande wetu tu. Mzizi mmoja mnene kama paja ulikuja moja kwa moja kwenye msingi wa chumba. Nikauvunja kwa mtaimbo. Ulikuwa bomba, umejaa wao. Nilipiga, nikapiga. Nilikuwa nawatukana kwa sauti. Mtu angepita angesema nimerukwa na akili.

Shemeji akarudi mapema. Mbuzi hawakuuzika. Alinikuta magotini ndani ya shimo. Hakunigusa. Alisimama akaanza kupiga kelele, mwizi, mwizi wa ardhi, majirani wakatoka. Niliolewa kwenye ukoo huu, nimeosha maiti ya mama yao kwa mikono hii, leo naitwa mwizi mbele za watu. Issa alifika anahema. Nilitegemea atanitetea. Akaniambia, "Zuhura, ingia ndani."

Nimeingia. Sijutii. Naona aibu, lakini sijutii. Sijui kama mambo hayo mawili yanakaa pamoja. Leo yamekaa.

Issa hajala. Nami sijamwekea.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika sebuleni, usiku.

Alasiri ulikuja upepo mkali, vumbi jekundu, hatuonani. Nilikuwa nje nawahi kuanua nguo. Nikasikia mlio, si mkubwa, kama mtu aliyevunja kuni kwenye goti. Halafu bati zikapiga kelele zote pamoja. Nikageuka. Upande wa chumba cha Hadija paa limelala ndani.

Nilipiga ukelele wa jina lake. Sikumbuki nilivyofika. Mlango uligoma, Issa akautoa kwa bega. Kitanda hakionekani. Boriti, bati, matofali ya juu, alizeti. Nilianza kufukua kwa vidole. Issa anainua bati na damu inamtoka mkononi, analia kwa sauti, mume wangu, sijawahi kumsikia akilia.

Hadija akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa chooni. Amesimama na kopo la maji, anauliza kuna nini.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Godoro limechanika katikati. Pale anapolaza kiuno.

Watu walijaa. Shemeji hakuja. Nilimwona amesimama mlangoni kwake, ameshika fremu.

Alhamisi, 13 Novemba

Kikao kilifanyika uani, mbele ya lile paa. Mwenyekiti, wazee wanne, majirani. Niliulizwa kwa nini nilichimba wakati nimekatazwa. Nikasema ni kweli, nimekosa, na nikaomba radhi kwa kuvunja agizo. Kwa kuchimba sikuomba. Wakanong'ona.

Hapo Issa akasimama. Mtu wangu wa taratibu. Alisema, "Kaka, mpaka wa baba ninaujua kama wewe. Mimi na mke wangu hatujawahi kuuvuka. Lakini mimi jana nimefukua nikidhani naitafuta maiti ya mtoto wangu." Akakaa.

Shemeji akasema pole kwa yaliyotokea. Lakini kisiki ni kisiki.

Ndipo Mariamu akaongea. Alikuwa nyuma na wanawake, amejifunika kanga. Alimwambia mumewe bila kupandisha sauti.

"Baba Salehe, twende ukaone stoo yetu. Mimi nimeona tangu mwezi uliopita. Niliogopa kukwambia, ungesema nimetumwa."

Walikwenda wote wawili. Walikaa kidogo tu. Shemeji alitoka amepauka, unga wa mbao umemjaa kwenye vidole, akawa anavitazama. Nyumba zetu zimeezekwa kwa miti ileile. Kisiki kilikuwa kinalisha pande zote mbili.

Akasema king'olewe. Lakini hataacha mpaka wazi usiku mmoja. Mwenyekiti akamuuliza sasa anataka nini. Akaonyesha kilima nyuma ya msikiti, kule kwenye majabali. Jiwe, akasema. Jiwe ambalo mtu na jembe lake hawawezi kulisogeza.

Tukafanya hivyo. Mariamu alikuwa wa kwanza kuingia shimoni upande wao, amejifunga kanga kiunoni. Mimi upande wetu. Tulichimba tukitazamana. Alipofika kwenye kiota akasema, "Mama yangu we," nikacheka, na yeye akacheka, kisha tukaendelea kuchimba.

Ng'ombe wetu na wa shemeji walifungwa pamoja. Kisiki kilitoka jua likishuka. Tukamwaga dawa shimoni. Kisha wanaume wakaenda kuleta jiwe, wakaliburuza kwa mnyororo hadi likaacha mfereji barabarani. Shemeji mwenyewe alilielekeza. Alipima kwa kamba kutoka pembe ya nyumba yake na pembe ya yetu, wazee wakishuhudia, akapima tena, akataka lisogezwe kidogo. Kuelekea kwake. Watu waliona.

Tumelala sebuleni wote watatu. Mgongo hauinuki.

Jumamosi, 15 Novemba

Visiki vyote vimechomwa kule jaani, mbali na nyumba. Mashimo yamefukiwa na kushindiliwa. Bakari na kijana wake wanatoa mapau yaliyobaki. Mengi ni ganda. Mapya tunayapaka oili chafu, nyumba nzima inanuka kama gereji. Kichwa kinaniuma.

Mawingu yamezidi. Bati nusu bado ziko chini. Bakari anasema siku tatu. Nimemwambia hana siku tatu.

Shemeji na mimi tunasalimiana. Shikamoo, marahaba, basi.

Jumatatu, 17 Novemba

Hadija ameanza uchungu saa nne asubuhi. Ngurumo zimeanza naye. Issa yuko juu ya paa na Bakari, wanapigilia, wakiteremka hatuna pa kumrudisha mtoto. Bodaboda niliyempigia hapatikani. Hadija amepiga magoti ameshika nguzo ya jiko, ananiita mama, mama, kama alivyokuwa mdogo.

Sikumwita shemeji. Alisikia tu. Alikuja na pikipiki ya mwanawe, akasema apande katikati, wewe Zuhura mshike nyuma. Kila penye shimo alipunguza mpaka karibu tusimame. Matone yalianza tukiwa tunaingia kituo cha afya.

Naandika kwenye benchi. Nesi amenitoa nje. Nasikia sauti ya Hadija halafu siisikii, mvua kwenye bati ni kubwa. Siwezi kukaa. Shemeji ameegemea ukuta, amelowa, hataki kuondoka.

Baadaye. Msichana. Wazima wote wawili.

Nilimwambia shemeji. Akasema alhamdulillahi, akageuka akajifuta uso. Alikuwa amelowa, lakini haikuwa mvua.

Jumamosi, 22 Novemba

Imenyesha tangu alfajiri, mvua ya polepole. Kumbikumbi waliruka juzi, watoto wa jirani waliokota ndoo. Nimezunguka kuta zote kwa tochi. Kavu. Haimaanishi wamekwisha. Nitaangalia kila wiki.

Hadija amelala, mtoto kifuani. Paa jipya halivuji, isipokuwa pembeni kidogo, nimeweka sufuria. Issa ametengeneza chai mwenyewe, imezidi majani. Nimeinywa.

Shemeji alipita kwenda shambani, jembe begani. Alisimama upande wake wa jiwe.

"Mjukuu kaamkaje?"

"Salama, shemeji. Amenyonya, amelala."

"Haya."

Akaendelea na njia yake.