Mkia wa Sentimita Kumi na Sita

Nyumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha zamani cha chapa.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza afya, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu asimwage habari kabla ya kujua kama anayeambiwa ana nguvu za kuzisikia. Goti la kushoto linaendeleaje? Mpwa wangu aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi moja moja na kupumzika katikati, ukitazama kuta kama mkaguzi wa majengo. Endelea hivyo hivyo, hakuna anayekukimbiza. Na dawa za presha unazimeza, au bado unazificha kwenye kopo la vifungo?

Mimi ni mzima, kwa kadiri umri unavyoruhusu. Macho yanaona mbali kuliko karibu, jambo la aibu kwa mtu aliyepata riziki yake kwa kusoma prufu na kuwinda makosa ya chapa miaka thelathini na mmoja. Mkono wa kulia hutetemeka asubuhi na kutulia mchana, ndiyo maana nakuandikia mchana. Ukiona herufi zinacheza ngoma, usidhani kaka yako ameanza kulewa uzeeni.

Hapa mambo ni yaleyale. Kiwanda cha chapa sasa ni ghala la magodoro. Lifti bado mbovu. Yule fundi viatu wa chini, uliyekuwa ukigombana naye kila Jumatatu kwa sababu ya maji ya kufulia, bado anakuulizia. Anasema tangu uondoke hajapata mtu wa maana wa kugombana naye.

Mwaka jana bomba lilipasuka kwenye chumba changu cha vitabu. Wewe unakijua kama chumba cha pasi, na lile ndilo jina lake halali. Ulipoondoka sikungoja hata mwezi uishe. Nilitoa meza yako ya pasi na kamba ya nguo, nikapanga vitabu hadi darini. Sasa vile vilivyosalimika vimelala sebuleni chini ya shuka, na chumba kimerudia kazi yake ya zamani: nguo mbichi kwenye kamba, dirisha wazi nusu, mvuke. Kwa kuwa sebuleni hapakubaki hata pa kuweka kikombe, vyungu vyangu vya okidi navyo nilivihamishia huko, pamoja na kile kimoja ulichoniachia.

Najua unakikumbuka. Majani manne, mizizi imeng'ang'ania kipande cha gome. Miaka kumi na mitatu nilikiweka kwenye dirisha la jikoni, pakavu, na hakikunipa hata kichomozo kimoja cha ua. Kila mwaka nilisema nitakigawa, na kila mwaka sikukigawa.

Wiki tatu zilizopita kilichanua. Maua sita.

Dada yangu, ulikuwa sahihi. Ni mkia mrefu. Ni okidi ya Mama.

Maneno hayo niliyaandika mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuyaandika hapa. Sasa niruhusu nirudi nyuma kidogo. Wewe hukusahau chochote, lakini huenda mpwa wangu anakusomea barua hii, na ningependa naye ajue, tena ayajue kwa kalamu yangu mimi.

Tulipotoka nyumbani, kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilibeba vyeti vyangu. Wewe ulibeba okidi ya Mama, ile aliyoifunga kwenye nguzo ya baraza, ukaificha ndani ya kikapu cha cherehani chini ya vitambaa. Tulipofika hapa ukanunua nyingine dukani, eti ya Mama isikae peke yake ugenini. Zote mbili zina maua meupe, na majani yake huwezi kuyatofautisha. Tofauti iko nyuma ya ua, kwenye ule mrija mwembamba wenye asali ndani, ambao sisi wapandaji tunauita mkia. Mkia wa ile ya dukani haufiki urefu wa kidole. Wa ile ya Mama huning'inia kupita kiganja kizima. Zisipochanua, hakuna binadamu anayeweza kuapa ipi ni ipi.

Kisha rafu ikaanguka, lebo zikatawanyika sakafuni, na baridi ya mwaka ule ikaua moja kati ya hizo mbili. Ukabaki na chungu kimoja kisicho na jina. Kwenye chama chetu cha wapanda okidi mmea wa namna hiyo huitwa yatima.

Uliilea miaka minne kwa mvuke wa pasi yako. Ilipotoa ua la kwanza, moja tu, Ijumaa moja uliniita kutoka chumba cha pili: "Kaka, njoo! Sentimita kumi na sita! Kaka, ni ya Mama!" Nilikuwa naandika hotuba yangu ya maonyesho. Nikakujibu, "Ilete Jumamosi mezani, tutaiangalia huko." Sikuinuka kitini. Kutoka kiti kile hadi chumba cha pasi ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu juzi.

Jumamosi ile nilikaa kwenye meza ya majina. Unakumbuka nilivyokuwa siku hizo. Walikuwa wakiniita Kamusi, na mimi nilijifanya silipendi jina hilo. Watu walipanga foleni na yatima wao, mimi nikatazama, nikataja, nikaandika lebo. Kando yangu alikaa mgeni mashuhuri kutoka bustani ya mimea, na kila nilipotaja jina alitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimevimba kama andazi. Ndipo ukafika wewe, umekuja kwa basi na boksi mapajani. Nikafungua kifuniko, nikaona ua na kipande kifupi cha mkia, nikasema pale pale, "Mkia mfupi. Hii ni ile ya dukani. Ya Mama ndiyo iliyokufa."

Ukasema polepole, "Kaka, mimi nimeipima."

Nami, badala ya kukutazama wewe, nikawageukia watu. "Dada yangu hupima suruali," nikasema. "Maua atuachie sisi."

Walicheka. Mgeni alicheka. Wewe pia ulicheka kidogo, kama mtu anayesaidia mzaha usianguke chini, ukaikunja tepu yako na kuitia mfukoni. Nikaandika lebo kwa wino, na nyuma yake, kama tunavyofanya, nikaandika jina la aliyetambua. Jina langu.

Hadi hapo huenda ungeniambia ni makosa tu, kila mtu hukosea. Ningependa kuishia hapo. Lakini kuna jambo ambalo hukulijua, na ndilo linaloniandikisha barua hii.

Watu walipoondoka nilibaki kukusanya maboksi. Ndani ya boksi lako, kwenye ukingo wa kifuniko, kilikuwa kimenaswa kipande cha mkia, cheupe, bado kibichi, kirefu kuliko kidole changu cha kati. Ulikatika njiani, au nilipofungua kifuniko kwa pupa zangu, sijui. Nilijua ni nini nilipokiona. Lebo ilikuwa bado mkononi mwangu. Mgeni alikuwa bado mlangoni anavaa koti, na wewe ulikuwa nje unaningoja kwenye kituo cha basi. Sikukipima. Mtu hupima anapotaka kujua. Nilikikunja ndani ya karatasi nikakitia kwenye pipa la takataka pamoja na vikombe vya chai.

Jioni ile nyumbani, mlango wa chumba cha pasi ulikuwa wazi. Nilikuona ukitoa tepu. Ukaupima mkia uliobaki. Ukapima tena. Halafu ukaiinua tepu yenyewe kwenye mwanga, ukaigeuza upande huu na upande ule, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye tepu. Wewe, uliyeshona miaka arobaini na hakuna mteja aliyekurudishia hata vazi moja kwa kosa la kipimo! Ningeweza kusema neno moja nikiwa pale ukumbini. Nilipita, nikaenda kunywa maji.

Mwaka uliofuata mpwa wangu alikuita ukaishi naye. Nilipokuuliza utaipakiaje okidi, ulisema, "Baki nayo tu, Kaka. Si ni ya dukani." Hukusema kwa hasira. Uliniamini, na hilo ndilo linalonichoma. Kwa miaka yote hii tumepigiana simu, tumeulizana afya na bei ya vitu, na hujagusa habari ya maua hata siku moja. Mimi nami nilifurahi kwamba huyagusi.

Sasa habari za wiki hizi tatu. Nilipoiona mikia sita inaning'inia kutoka kwenye gome nilikaa kwanza juu ya kapu la nguo chafu. Kisha nikaenda kwenye droo ya cherehani. Tepu yako ya manjano bado imo, ile yenye doa la mafuta kwenye arobaini. Nikapima. Kumi na sita, kumi na sita na nusu, kumi na sita. Mmoja kati ya hiyo kumi na tano, lakini huo ulikuwa bado unakua.

Nilimwita Daktari wa Meno, yule mwenyekiti wetu, ambaye ameng'oa meno ya nusu ya mtaa huu na sasa yeye mwenyewe hana hata moja. Alipanda ngazi zote tatu akihema. Akavaa miwani juu ya miwani, akatazama maua muda mrefu, halafu akachomoa lebo.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Basi, Kamusi, una ukurasa uliochanika."

Nikamweleza yote, pamoja na pipa la takataka. Hakucheka. Aliirudisha lebo mahali pake taratibu, akaniuliza, "Na yule dada mwenye tepu ameshaambiwa?"

"Bado."

"Unangoja nini, kosa liote meno?"

Ndiyo hivyo, nimeacha kungoja. Kwenye mkutano wa chama wa Jumamosi iliyopita nilisimama nikasema kile nilichokiandika hapa, sentensi kwa sentensi. Wengi waliocheka siku ile hawapo tena. Wengine wamehama, wengine tumewazika. Waliokuwepo walikuwa watu wapya ambao hata hawakujui. Nilipokaa, mama mmoja muuza mikate alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha. Nilikuwa nimechelewa mno hata kwa aibu yangu mwenyewe.

Taratibu yetu unaijua: lebo ya zamani haitupwi. Jina jipya likipatikana, lebo mpya husimama mbele na ya zamani husimama nyuma yake, ili atakayekuja aone nani alikosea na nani alisahihisha. Nimechonga lebo mpya. Safari hii nimetumia penseli, kwa sababu wino wangu ule wa kujidai ulikuwa umefifia karibu wote. Mbele nimeandika lile jina ulilolitaja wewe. Nyuma, mahali pa aliyetambua, nimeandika jina lako kamili, na tarehe. Sikuandika tarehe ya mwezi huu. Nimeandika tarehe ya Ijumaa ile uliyoniita kutoka chumba cha pili. Lebo yangu iko nyuma ya yako, na itabaki pale.

Ubavuni mwa mmea kuna chipukizi lenye mizizi miwili yake mwenyewe. Daktari wa Meno anasema likitenganishwa vizuri linaweza kusafiri, na vibali vyake vinachukua kama miezi miwili. Sitaligusa kabla hujaniambia. Mkono wangu si wa kuaminika, na okidi hii nimeshaiharibia vya kutosha. Ukisema hulitaki, nitaelewa. Ukisema nililete mwenyewe, nitaazima nauli ya ujasiri nije.

Sikuombi uniambie kwamba haidhuru, maana ilidhuru. Nakuomba tu ujue kwamba ile okidi ya Mama uliyoivusha chini ya vitambaa haikufa mikononi mwako. Wewe uliilea. Mimi ndiye niliyeizika ikiwa hai.

Nisalimie mpwa wangu na mumewe. Mwambie mume kwamba nilipokea picha ya baiskeli na kwamba mnyororo umefungwa upande mbaya. Wasalimie mapacha, waambie babu yao wa mbali anatamani kusikia nani kati yao sasa ni mrefu zaidi, na wapimwe na bibi yao, wasipimwe na mtu mwingine. Salamu pia kwa jirani yako mkunga anayekuletea magazeti.

Mungu akutunze magoti, macho na mikono, hasa mikono.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata katika miaka niliyokaa kimya,

Kamusi

N.B. Nilipokuwa naandika salamu humu chumba cha pasi, ua la kwanza lilidondoka juu ya meza, mkia wake mzima. Nimelitia humu ndani ya karatasi laini. Njiani litakauka na kusinyaa kidogo, kwa hiyo nimeweka pia uzi mweusi, nilioukata sawasawa na mkia ule siku ile nilipopima. Usichukue neno langu. Toa tepu, upime mwenyewe.