Bruchi ya Mama na Kidevu cha Dada

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hapa nilipo hata chakula hakipiti. Mimi ni mshona mapazia, kitindamimba kwetu, na mama alipofariki aliniachia bruchi ya bibi, pambo la kubandika nguoni kwa pini, ile yenye sura ya mwanamke iliyochongwa kwenye gamba la konokono wa baharini, na kwetu bruchi hiyo ni kama bibi mwenyewe, basi nikaipeleka kwa sonara wa mtaa wa pili aniambie ni ya zamani kiasi gani, akaigeuza, akatazama mgongoni, akasema, "Samahani, kifungo hiki cha pini si cha kale hivyo, bibi yako hakukutana nacho," nami kwa kiherehere changu nikampigia simu dada mkubwa papo hapo. Alinibadilikia! "Ya bibi umeipeleka wapi? Umeibadilisha, wewe!" Sasa simu zangu hapokei, na harusi ya mwanawe nimeambiwa nisikanyage. Mshauri, naapa bruchi ni hii hii mama aliyokuwa akiibandika begani, hii hii iliyomchoma dada kidevuni akiwa mtoto wa kubebwa, mpaka leo ana kovu, sasa nitamwaminishaje, au mama naye alidanganywa?

Mimi, Msingiziwa.

Msingiziwa, futa machozi ule, kisha nikugombeze kidogo. Simu ya nini kabla sonara hajamaliza kazi? Naye huyo sonara kaangalia mgongo, uso kausahau! Pini hulegea, watu huibadilisha. Wewe ukitia pete mpya kwenye pazia kuukuu, pazia linakuwa jipya?

Hebu soma tena barua yako. Bruchi za zamani nyingi zilikuwa na kindoano cha wazi, ncha ya pini ikitokeza nje ya ukingo. Hiyo ndiyo iliyomchoma dada yako. Kifungo cha sasa huificha ncha. Unadhani mama aliyeona damu kidevuni mwa mwanawe alifanya nini? Alikwenda kwa fundi, akawekewa kingine, akaendelea kumbeba. Mama hakudanganywa, nawe si mwizi.

Rudi kwa sonara. Aiinue kwenye mwanga, gamba la kweli hupitisha mwanga. Achukue kioo cha kukuzia atazame mikwaruzo ya patasi na mtindo wa nywele za yule mwanamke, umri aukadirie kwa hayo. Halafu atafute mgongoni mahali kindoano cha kwanza kilipong'olewa, kwa sababu lehemu nayo huacha kovu.

Ukishaonyeshwa, simu iache mfukoni. Nenda mpaka mlangoni kwa dada yako, na usibishane. Mwekee bruchi mkononi, mwonyeshe lile kovu la lehemu mgongoni, kisha mguse kidevu. Mwambie hivi tu: "Dada, mama aliibadilisha kwa ajili yako."

Na siku ya harusi, bruchi mbandike yeye begani.