Cheti cha Hisa na Fahali wa Lubao

Nairobi, Jumapili

Mdogo wangu Shivachi,

Cheti changu cha hisa mia moja kilipotea Jumatatu baada ya Pasaka, siku uliyokipeleka soko la Lubao ukarudi na fahali wa kupigana. Nimelitoa hilo kwanza lisinikwame kooni. Sasa, hamjambo huko? Miguu ya Mama imepata nafuu? Mimi mzima kabisa, tena wiki hii nina furaha mpaka mwenye nyumba ameniuliza kama nimeposa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Eti, "Kaka, si uliniachia nitunze? Mtu akiachiwa ng'ombe wa mwenzake si anakamanga maziwa?" Shivachi! Unakama, huuzi! Na huyo mchuuzi wa ng'ombe uliyempa cheti akakupa fahali, nasikia anangoja karatasi imzalie. Haimzalii ng'o. Jina lililoandikwa kwenye daftari la kampuni ni langu, na gawio, fungu la faida, linakuja kwangu.

Na mwaka huu gawio lipo! Mwaka jana faida ilikonda ingawa mauzo yalikuwa mazuri. Nilizisoma hesabu zao mpaka nikaujua ugonjwa: mali imelala ghalani, wateja wakubwa wanakopeshwa miezi sita, na kampuni inakopa benki ili ilipe mishahara. Riba ikala faida yote. Nikasimama katika mkutano wa wenye hisa, mimi niliyeanza hapa mjini kwa kufagia, nikauliza kwa nini. Mwenyekiti, Mzungu mmoja mnene, akasema, "Hilo ni swali la mhasibu." Nikamjibu, "Basi mwite, mimi nitangoja." Ukumbi mzima ukacheka.

Alhamisi iliyopita, kwenye mkutano wa mwaka huu, akaniona mlangoni. "Wewe tena! Leo unauliza nini?"

"Leo, bwana, nimekuja kupiga makofi."

Maana wateja sasa wanalipa kwa mwezi mmoja, ghala halijazwi ovyo, deni la benki limepungua nusu. Faida imepanda, na bei ya hisa imeifuata.

Nikiuza hisa hamsini napata malipo ya kwanza ya shamba kule Lugari, lile la settla, mkulima Mzungu aliyeondoka. Mama atalima mahindi kwenye ardhi yake mwenyewe, si ya kukodi. Lakini bila cheti dalali wa hisa hauzi hata moja, na ofisi ya mashamba inatungoja mpaka mwisho wa mwezi huu tu.

Nimeambiwa fahali ameshinda mara mbili na ngoma zikamsindikiza mpaka nyumbani. Hongera, nilicheka peke yangu ofisini. Ila ushindi wake haununui hata robo ekari.

Nisalimie Mama, na mkeo, na Senje, dada ya baba yetu, aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi.

Sasa nijibu bila kuzunguka: mchuuzi anakubali kumchukua fahali wake na kurudisha cheti, ndiyo au hapana? Piga telegramu kabla posta haijafungwa Jumamosi hii saa sita mchana. Neno moja linatosha.

Kaka yako,
Muhati