Sukari ya Mwenyekiti

Mpendwa Njeri,

Habari za Kisumu? Huku Dundori tuko salama. Viazi vimekubali, na ng'ombe wa babako amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama kiongozi tuliyemchagua anaweza kuondolewa kabla ya muda wake, na kwa nini umma ulipie kampeni. Hayo niliyaona nikiwa mama kijana, kwenye mradi wetu wa maji. Mwenyekiti alipata kura kwa kumgawia kila mwanachama nusu kilo ya sukari. Baadaye mifereji yetu yote ikakauka, isipokuwa wake. Tukaitisha mkutano tumtoe.

"Mtanitoaje?" akacheka. "Si mlikula sukari yangu?"

Ni kweli, tulikula. Lakini nilishapiga hesabu: nusu kilo kwa miaka mitano ya kipindi chake haifiki kijiko kimoja kwa wiki! Nikamwambia, "Mzee, tutakurudishia."

Wiki iliyofuata kila mmoja alileta nusu kilo aliyojinunulia, tukairundika mezani. "Hiyo yako. Kiti ni chetu," tukamwambia. Mikono ikainuka kumpigia kura ya kumtoa, naye akatoka bila kuigusa.

Uchaguzi uliofuata tulikataza zawadi. Mradi wenyewe ulipika chai sufuria moja, na kila mgombea akapewa kikombe na nafasi ya kuongea. Mzee naye alirudi kugombea. Akaonja.

"Tamu! Nani amenunua sukari?"

"Sisi," nikasema. "Kunywa, halafu utuambie kuhusu maji."

Njeri, siku hiyo ndipo tulipomsikia kwa mara ya kwanza akitaja mabomba.

Ni mimi shosho wako, nyanya mzaa babako, ambaye mfereji wake unatiririka hadi leo.