Kipanya Kisicho na Waya, Kitandani kwa Zaituni

Jumatatu, 3 Mei

Chai, muhogo, kikohozi. Kisha zamu yangu ya kumlinda mgonjwa asiyetaka kuwa mgonjwa.

Binti yangu Zaituni ana mimba, inaingia mwezi wa sita. Mbili za kwanza zilitoka. Safari hii sista wa kliniki hakucheka naye. Lala, ubavu wa kushoto, inuka kwenda msalani tu, mpaka siku ya kujifungua. Rahisi kusema. Huyu mtoto hata surua haikumlaza. Aliugua akikimbia.

Yeye na mumewe Ramadhani wana duka la kuchapa kadi za harusi karibu na stendi. Ramadhani anashinda kule na mashine ya fotokopi. Kompyuta imeletwa huku kwetu, juu ya meza fupi kando ya kitanda, Zaituni achore kadi akiwa amelala. Kibodi inafika. Kipanya hakifiki. Waya wake mfupi. Unanasa kwenye chandarua, unanasa kwenye mto, unanasa kwenye tumbo lenyewe. Kila ukinasa, anakaa kuunasua.

"Lala!"

"Nimelala, Baba."

Amekaa kama karani.

Mama yake anataka tumnyang'anye kompyuta. Nikamwambia mnyang'anye, halafu kesho ukamtafute stendi. Kazi ndiyo inayomshikilia pale kitandani. Kamba nyingine sina.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 6 Mei

Ramadhani karudi toka Dar na kiboksi. Ndani kipanya hakina waya. Wakubwa wanaokuja kwenye vikao vya Bunge wanatumia hivi, anasema. Nikajua basi hakifanyi kazi.

Kinafanya.

Nimekigeuza, nimekinusa. Tumboni kina taa nyekundu na kijumba cha betri mbili ndogo. Kina mwenzake, kidude kama kisanduku cha kiberiti, huyo ndiye anachomekwa nyuma ya kompyuta. Na mwenzake ana waya! Nimecheka. Waya haujaondolewa, umehamishiwa kwa jirani. Wazungu wajanja. Au Wachina, kiboksi hakisemi kweli.

Lakini Zaituni alikishika, akalala ubavu wake, mkono mmoja tu ukatembea. Mshale ukaenda kwenye kioo, ukarudi. Hakuinuka. Nimekaa mlangoni kumvizia mpaka chai ikapoa. Hakuinuka.

Ijumaa, 7 Mei

Kipanya kina maringo. Godoro laini, kinazama. Tukakipa sinia, mshale ukaruka kama panzi, sinia linang'aa mno. Kipande cha kioo, ndiyo kabisa, kimya. Nikaleta msala wangu wa kuswalia. Hapo kikatembea vizuri ajabu. Mama Zaituni akauvuta nusura anivunje vidole.

"Baba Zaituni, utachomwa moto wewe!"

Nikamwambia mbona nimekielekeza kibla. Hakucheka. Zaituni alicheka, akashika tumbo, tukatishika wote.

Mwisho nikachukua ungo jikoni. Umefumwa vizuri, una kingo, kipanya hakidondoki. Ukiwekwa mbele ya kifua chake unakaa kama umetengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Mshale unakwenda. Mama yake sasa anapepeta mchele kwenye ungo wa kuazima na kunisema kwa majirani.

Jumapili, 9 Mei

Leo kadi ya harusi ya watu wa Kondoa. Mwenyekiti wa kamati kaja mwenyewe kuikagua, kavaa suti kwenye joto hili. Anataka maua ya waridi, njiwa wawili, na pete. Zaituni kavichora vyote amelala. Waridi moja lilimkataa, akalifuta, akaanza upya, wala bega halikunyanyuka. Mzee wa suti kasimama mdomo wazi, akasahau kumpa pole.

Nami nilisimama. Miaka yangu yote nimeona kazi ikimchosha mtu mgongo. Hii inafanywa na kiganja. Mwili mzima umepumzika, kiganja kiko harusini.

Kimepotea mara kadhaa. Chini ya mto, chini ya paja, ndani ya foronya. Chenye waya ungekivuta tu kikaja. Hiki unapekua kitanda chote, na mwenye kitanda hatakiwi kuinuka. Nimekifunga utepe mwekundu. Zaituni anasema nimekivisha kama mwali.

Jumanne, 18 Mei

Leo nimefanya ushenzi wangu. Zaituni alikuwa anaandika majina kwa kibodi, hakuwa anatazama ungo. Nikakichukua kipanya, nikakaa barazani nje ya dirisha, nikakisugulia kwenye goti langu. Mshale ukaanza kutembea wenyewe.

"Mama! Kompyuta imeingiwa!"

Mama yake akaja mbio anasoma dua. Nikazidisha. Mshale ukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Ningeendelea, kikohozi kikanisaliti. Nimenyimwa maharage ya jioni, nikapewa mchuzi mtupu. Imefaa kabisa. Chenye waya hakiwezi kumpa mzee raha hiyo.

Halafu kikafa. Betri. Kinazila kama mgeni asiye na haya. Nikazianika juu ya bati, kama za redio, tangu ujana wangu nazifanya hivyo. Jua la Dodoma linarudisha roho. Alasiri kikafufuka. Wamenisifu.

Alhamisi, 20 Mei

Betri zimechoka tena. Nimezianika tena, kutwa nzima. Zimerudi. Ramadhani alitaka kununua mpya, nikamkataza. Nimejiona fundi.

Ijumaa, 21 Mei

Nimeandika na kufuta. Naandika tena.

Nilikwenda msikitini na Ramadhani. Mama Zaituni kaenda soko la Majengo, anarudi sasa hivi. Kipanya kikafa katikati ya kazi. Zaituni akakifungua, betri zangu zimevuja, uchafu mweupe umejaa kijumba chote. Kile cha zamani chenye waya kilikuwa juu ya kabati. Akapanda kigoda.

Tumemkuta sakafuni ameshika tumbo. Damu.

Teksi. Ramadhani anasema pole pole dereva, halafu anasema haraka dereva.

Mimi ndiye niliyezianika.

Jumamosi, 22 Mei

Damu imekata alfajiri. Sista kaweka kile kibomba cha mbao juu ya tumbo, kaweka sikio. Kakaa. Kakaa sana. Akasema moyo wa mtoto upo, unapiga vizuri.

Nikaketi chini, palepale, kwenye sakafu ya hospitali. Mhudumu akaniambia mzee unazuia njia. Nikasema najua.

Nimemwambia Ramadhani habari ya betri. Nilitegemea anitukane, ningemwachia. Akanitazama.

"Baba, hata mimi za tochi naanika."

Kisha akaenda kunitafutia chai. Nimemwoza vizuri binti yangu.

Jumatatu, 24 Mei

Amerudi nyumbani. Sista kampa masharti yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi, na mimi nikitazamwa.

Asubuhi nilikaa uani na kipanya, ndimu na njiti za kiberiti. Nimepaka, nimekwangua, nimefuta, mpaka visahani vya betri vikang'aa. Betri mpya. Taa ikawaka tumboni.

Mama Zaituni anasema kitupwe. Hicho ndicho kilichomwangusha. Anasema afadhali cha waya, hakifi, hakiombi chakula, unajua kiko wapi. Hapo hana uongo, nimemkubalia yote. Nikamwambia lakini cha waya kilikuwa kinamwinua kila saa, na hiki kimemwinua siku moja, tena kwa upumbavu wangu. Kosa la betri tumpe mwenye betri.

Tumebishana mlangoni kama hatujawahi kuoana.  Zaituni kalala ubavu wa kushoto. Akanyoosha mkono tu, kiganja wazi.

Mama yake akanitazama. Akakichukua kwangu, akampa yeye mwenyewe.

Jumatano, 9 Juni

Sheria mpya za nyumba. Betri mpya zinakaa ndani ya kikombe kando ya kitanda, hakuna kuzigusa, hakuna kuanika chochote isipokuwa nguo. Ijumaa mama yake hatoki. Kile cha zamani kimeondolewa juu ya kabati, kiko kwa Ramadhani dukani. Kigoda nimekipasua kuni.

Kadi zinatoka. Kamati ya watu wa Mlali wamependa, wametaka na za kipaimara. Ramadhani anachukua kazi jioni kwenye disketi, anachapa dukani. Zaituni amenenepa. Analalamika tu kwamba mkono wa kulia una nguvu kuliko miguu yote miwili.

Mchana nikiwa peke yangu naye, nasikia ile sauti. Tik. Kimya. Tik tik. Nikiisikia sina haja ya kuchungulia. Najua amelala.

Jumapili, 11 Julai

Bado. Yuko ubavuni.

Jumamosi, 24 Julai

Uchungu ulianza akiwa anapanga majina ya waalikwa. Akamaliza ukurasa kwanza. Ndiyo maana nasema sikumlea vizuri.

Hospitali tangu mchana. Mimi na Ramadhani tumekaa nje kwenye benchi. Nilijaribu kumtania, utani ukakataa kutoka.

Mtoto wa kike. Mdogo, mweusi, ana hasira. Anapumua.

Nimemwadhinia sikioni. Sauti ilinikatika katikati, nikaanza upya. Hakunicheka mtu.

Jumapili, 1 Agosti

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Tumefunga madirisha.

Kompyuta imerudi dukani. Kipanya wameniachia wanipoze, hakina cha kufanyia kazi huku. Nimekitoa betri, nimekiweka rafuni karibu na redio. Ni kitu kizuri. Kinakufa vibaya, kinapotea hovyo, na katika vitu vya umeme nilivyoona sijaona chenye adabu kukizidi. Kilimfuata mtu alipolala.

Mtoto kanyonya, kalala. Zaituni alilala chali kidogo, halafu kifudifudi, halafu ubavu wa kulia, kama anayejaribu godoro dukani.

Kisha akainuka. Akaweka miguu chini, akasimama, akatembea taratibu mpaka mlangoni, akafungua upande mmoja kutazama vumbi likipita barabarani. Kasimama pale muda mrefu.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka. Mama Zaituni alikuwa anachambua mboga. Hakuna aliyemwambia akalale.